Siku Nane

Nyumbani kwa bibi yangu, Uru, kwenye mteremko juu ya mji wa Moshi, jiko limejengwa kwa matofali ya kuchoma na nyumba kubwa kwa matofali ya saruji. Nilikua nikiona ni jambo la kawaida. Nilipofika sekondari ndipo nilipoanza kujiuliza: mtu anachomaje matofali mazuri namna ile, anayajengea jiko, halafu yeye na watoto wake wanaendelea kulala kwenye nyumba ya miti na udongo kwa miaka kumi na mitano zaidi?

Jibu lilikuwa nyuma ya jiko, chini ya migomba, limefunikwa na majani makavu. Ni rundo la vipande vyekundu. Ukiviokota utaona vingi ni vyembamba na vimepinda kidogo, kama maganda ya yai. Upande mmoja umenyooka, huo ulikuwa uso wa tofali. Upande wa pili umekwaruzika, kana kwamba kitu kilikisukuma kipande kutoka ndani.

Bibi husimulia hivi. Mwaka 1978 babu alifyatua matofali elfu sita. Aliangusha miringaringa miwili iliyopandwa na baba yake, akapanga tanuri, akawasha. Usiku wa kwanza, kabla moto haujashika vizuri, tanuri likaanza kulia. "Kama bisi," bibi husema, "ila kila bisi ni tofali." Walipolifungua, matofali mazima hayakutosha hata vyumba viwili. Yakatosha jiko.

Lawama ziliangukia kwa jirani. Yeye aliwahi kufanya kazi ya kufyatua matofali tambarare, upande wa Kahe, na ndiye aliyemwelekeza babu: ukishafyatua, anika siku nane, kisha choma. Babu alihesabu siku nane kwa vidole. Kwa kuwa familia hizi mbili zilikuwa zikivutana juu ya mpaka wa kihamba, ilionekana wazi kwamba jirani alidanganya makusudi. Hapakuwa na ngumi wala kesi. Watu waliacha tu kusalimiana. Msiba wao hatukwenda, harusi yetu hawakuja. Babu alifariki akiamini hivyo. Jirani naye alifariki akijua kwamba tunaamini hivyo.

Mimi sasa nasoma shahada ya uzamili, na tasnifu yangu inahusu kuiga kwa kompyuta namna matofali ya udongo yanavyokauka ndani ya vikaushio na matanuri ya kiwandani. Sikuchagua mada hii kwa ajili ya babu. Ilikuwa kwenye orodha ya mwalimu wangu msimamizi, nami nilitaka kumaliza masomo. Lakini ukikaa miezi minane na hesabu za kukauka kwa tofali, lile rundo nyuma ya jiko halikuachi.

*

Ili kuelewa kwa nini mkulima wa kahawa wa Uru alijikuta akichoma matofali mwaka 1978, inabidi tuanzie Brazil. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni kwenye jimbo la Paraná, na bei ya kahawa duniani ikapanda mara kadhaa ndani ya miaka miwili. Fedha zilizofika Kilimanjaro zilikuwa sehemu tu ya bei hiyo, na njia yake ilikuwa imebadilika: mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, ikiwamo KNCU iliyokuwapo tangu 1933, na ununuzi ukaenda kwa mamlaka ya zao. Hata hivyo kwa wengi waliokuwa na kihamba cha kahawa, huo ulikuwa wakati wa kufikiria nyumba.

Fedha ilikuwapo kidogo, saruji haikuwapo. Nchi nzima ilikuwa na kiwanda kimoja cha saruji, cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966. Cha Tanga kilikuja mwaka 1980. Klinka ya saruji huchomwa kwenye joto la karibu nyuzi 1,450, na baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, kila mfuko ulikuwa umebeba ndani yake fedha za kigeni ambazo Benki Kuu haikuwa nazo.

Februari 1977, Mwalimu Nyerere alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, aligusa jambo hili waziwazi. Alishangazwa na watu wanaoendelea kuishi kwenye vibanda wakisubiri saruji na bati, huku udongo wa matofali na vigae upo miguuni mwao. Aliuona kama ugonjwa wa fikra. Serikali ilikuwa na chombo cha utafiti wa majengo, na Kisarawe kukawa na kiwanda cha umma cha matofali ya kuchoma. Vijijini ujumbe ulikuwa mfupi: chimba, fyatua, choma.

Serikali hiyohiyo, miaka mitatu kabla, ilikuwa imetoa uamuzi mwingine unaonihusu. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa mwaka 1965 Wizara ya Fedha. Zilizofuata zilihesabika kwa vidole. Hesabu za serikali zilizokabidhiwa kwa mashine zilileta gharama na mkanganyiko, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku, pamoja na televisheni. Vijana wa rika langu hupenda kulicheka katazo hilo. Mimi nililicheka mpaka nilipoliweka kando ya hotuba ya matofali. Yote mawili yanatoka kwenye daftari moja la fedha za kigeni. Nchi ilikuwa inasema: tutumie tulichonacho, tusinunue tusichoweza kukitengeneza. Sioni ujinga hapo. Tatizo ni kwamba tofali la kuchoma linaonekana kama kitu tulichonacho tayari, kumbe nusu yake ni ujuzi, na ujuzi huo haukuwa umesambaa sawasawa na udongo.

*

Ujuzi wenyewe unahusu maji kuliko moto. Tofali mbichi la mkono lenye kilo nne za udongo mkavu laweza kuwa na karibu kilo moja ya maji. Maji hayo hutoka kwa hatua mbili. Katika ya kwanza, uso wa tofali umelowa. Maji yanaruka hewani, mengine yanapanda kutoka ndani kujaza nafasi, na tofali linasinyaa kadiri chembe za udongo zinavyosogeleana. Hapa mwendo unaamuliwa na hewa: joto lake, unyevu wake, upepo wake. Kisha chembe zinagusana, kusinyaa kunakoma, rangi inapauka. Hatua ya pili imeanza. Sasa mpaka wa ukavu unarudi ndani polepole, na mwendo unaamuliwa na udongo wenyewe. Unene wa tofali ukiongezeka maradufu, muda wa hatua hii unakaribia kuwa mara nne.

Kila hatua ina kifo chake. Katika ya kwanza, pembe na kingo zikikauka haraka kuliko tumbo, tofali linachanika nyufa kabla hata halijaona moto. Katika ya pili, uso mkavu unamdanganya mwenye tofali. Anapanga tanuri, anawasha, na maji yaliyojificha tumboni yanafika nyuzi 100. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Tofali halina nafasi hiyo. Linarusha uso wake kama ganda.

Tuseme kila tofali la babu lilibaki na gramu 200 tu za maji. Kwa matofali elfu sita hizo ni lita 1,200, mapipa sita ya lita mia mbili mbili, yamefichwa ndani ya tanuri. Kuyageuza mvuke tu kunahitaji joto la kilo zipatazo 200 za kuni kavu, kama hakuna joto hata kidogo linalopotea. Kwenye tanuri la wazi sehemu kubwa ya joto huenda na upepo, kwa hiyo zidisha mara kadhaa. Sehemu ya miringaringa ile miwili haikuchoma tofali lolote. Ilichemsha maji ambayo hewa ingeyachukua bure.

Hesabu za jambo hili zina ukoo mrefu. Mwaka 1822 Joseph Fourier wa Ufaransa aliandika mlinganyo wa namna joto linavyosafiri ndani ya kitu. Mwaka 1855 daktari Mjerumani, Adolf Fick, aliuchukua ulivyo na kuutumia kwa chumvi inayosambaa majini. Miaka ya 1920 W. K. Lewis na kisha Thomas Sherwood, huko MIT, Marekani, waliuleta kwenye ukaushaji, na Sherwood akaeleza hatua zake kwa mchoro ambao wanafunzi bado tunauchora kwenye mitihani. Mwaka 1977 Stephen Whitaker wa California alitoa nadharia pana iliyounganisha joto, maji, mvuke na hewa ndani ya kitu chenye vinyweleo. Mwaka huohuo Mwalimu alikuwa akiwahimiza wananchi wachome matofali. Maandiko hayo mawili hayakuwa na namna ya kukutana, na hata yangekutana, mlinganyo wa Whitaker haumfai mtu asiye na kompyuta.

*

Ninayo. Ni kompyuta mpakato iliyotumika, na kitufe cha herufi "m" hakifanyi kazi vizuri.

Kuiga kukauka kwa tofali ni kuligawanya katika vipande vidogo, tuseme vya milimita mbili, na kumuuliza kila kipande: una maji kiasi gani, na jirani zako wana kiasi gani? Maji husogea kutoka kwa mwenye mengi kwenda kwa mwenye machache. Unapiga hatua ndogo ya muda, unauliza tena. Jioni ya kwanza, kwa papara, niliipa programu yangu hatua ya saa nzima. Baada ya hatua chache tofali langu lilikuwa na maji hasi upande mmoja na ziwa upande wa pili. Hatua ikiwa kubwa mno kwa ukubwa wa kipande, makosa madogo yanazaliana mpaka yanakula jibu. Dawa yake ilipatikana mwaka 1947, kwa John Crank na Phyllis Nicolson wa Uingereza: kadiria hali ya sasa na hali ijayo kwa pamoja, usiruke gizani. Nilibadilisha mistari ishirini hivi, tofali likatulia.

Kazi ya tasnifu ni kikaushio cha kiwanda. Wazo lake ni la zamani. Mwaka 1858 Friedrich Hoffmann, Mjerumani, alisajili tanuri la duara ambalo moto huzunguka vyumba vyake bila kuzimwa, na joto la matofali yanayopoa linatumika kwa yale yanayongoja moto. Kiwanda cha Kajjansi, nje kidogo ya Kampala, kilichoanza mwaka 1950, ni cha ukoo huohuo wa kutengeneza bidhaa za udongo kwa wingi. Siku hizi wanaoandika sana juu ya kuiga ukaushaji wa matofali ya namna hii ni watafiti wa Campina Grande, kaskazini mashariki mwa Brazil. Kila nikifungua makala yao naikumbuka ile baridi ya Paraná.

Kuna jambo moja la kikaushio cha kiwanda lililonishangaza. Mwanzoni hewa inayopulizwa juu ya matofali mabichi huwa ya moto lakini yenye unyevu mwingi. Nilidhani ni kosa la uchapaji. Kumbe inapasha tofali joto mpaka tumboni bila kuliruhusu likauke usoni. Maji ya moto ni mepesi kusogea, kwa hiyo hewa inapokaushwa baadaye, tumbo linaweza kwenda sambamba na uso.

Modeli yangu ilikubali hayo yote, ila ilikataa jambo moja: haikuonyesha nyufa pale zinapotokea kweli. Mwalimu msimamizi alinitazama akasema, "Umeshawahi kumwona mtu akianika tofali?" Sikuwa nimewahi.

*

Tambarare ya Mabogini, chini ya Moshi, mashamba ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji wa miaka ya 1980 yanaishia kwenye udongo mzito. Huko nilimkuta fundi mmoja akifunika safu za matofali kwa nyasi, saa nne asubuhi, jua kali.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Umekuja kununua au kuuliza?"

Nilimwambia kuuliza. Alicheka, akanipa kalibu niishike nisionekane mzururaji. Nilimuuliza kwa nini anafunika matofali wakati anataka yakauke. Akasema tofali bichi likiachiwa upepo linaanza kufa kwenye pembe. Siku mbili za kwanza linavaa nyasi. Nyasi zinashika unyevu wa tofali lenyewe, na jua linalipasha taratibu. Kisha analisimamisha kwa ubavu. Kisha anapanga kwa kuachia nafasi za kupitisha hewa, pumba za mpunga zikisubiri kando kwa ajili ya kuchomea. Niliandika haraka. Nyasi zake zilikuwa zinafanya kazi ya hewa yenye unyevu ya kiwandani. Na pembe: programu yangu ilikuwa inalitazama tofali kama ukuta mpana unaokauka pande mbili. Pembe inakaukia pande tatu kwa mpigo. Usiku ule nilianza kuiandika upya kwa vipimo vitatu.

Kabla ya kuondoka nilimuuliza swali nililolijia. "Yanakaa siku ngapi kabla ya kuchoma?"

"Hapa? Wiki. Siku nane."

Nilinyamaza. Yeye akaendelea, kana kwamba namba hiyo haina uzito wowote. "Lakini tofali halijui kuhesabu. Unavunja moja, unaangalia tumbo lake. Likiwa na giza katikati, unasubiri."

*

Nilipanda Uru wiki iliyofuata. Nilichukua udongo kwenye shimo alilochimba babu, ambalo sasa bibi hutupia takataka, nikaupeleka maabara: pima, kausha kwenye nyuzi 105 kwa saa 24, pima tena. Udongo wa volkano wa mteremkoni hushika maji kwelikweli. Kisha nikaiendesha modeli mara mbili. Tofali lilelile, kwanza kwenye hewa ya tambarare wakati wa kiangazi: joto, kavu, upepo wa mashamba wazi. Siku ya nane lilikuwa tayari kwa moto. Mara ya pili nikalipeleka Uru, chini ya kivuli cha migomba, mwanzo wa masika, ambao bibi anaukumbuka kwa sababu babu alikuwa anakimbizana na mvua. Siku ya nane uso ulikuwa umepauka vizuri. Katikati kulikuwa na giza. Lilihitaji zaidi ya maradufu ya muda ule.

Modeli si shahidi. Hewa ya Machi 1978 niliikadiria, sikuipima. Lakini rundo lipo, na vile vipande vyembamba vilivyosukumwa kutoka ndani ni kazi ya mvuke. Hakuna haja ya mtu mwovu ili vitokee. Jirani alisema siku nane kwa sababu alikokuwa akifanya kazi ni siku nane. Alipanda na namba mlimani, na sababu ya namba ile ikabaki tambarare kwenye hewa yake. Labda hakuwahi kuhitaji kuieleza. Labda alisema "vunja moja uangalie" na babu, aliyehesabu kila tofali kama shilingi, hakusikia. Tofali moja kati ya elfu sita ndilo lililokuwa bei ya kujua.

Nadhani hivi ndivyo ilivyoharibika mipango mingi ya miaka ile, na mingi ya sasa. Maelekezo husafiri kirahisi. Namba moja inaingia kwenye hotuba, kwenye kipeperushi, kwenye ushauri wa jirani. Faida ya kompyuta kwangu si kwamba inamzidi fundi wa Mabogini. Anachojua yeye kuhusu udongo wake sitakifikia. Faida yake ni kwamba inanilazimisha kuitenga namba na sababu yake, niweze kuuliza: na hewa ikibadilika? Msitu wa Kilimanjaro umekuwa sehemu ya hifadhi ya taifa tangu 2005, na miringaringa ya vihamba inazidi kupungua. Matofali bado yanachomwa. Swali la maji yaliyobaki tumboni ni swali la miti mingapi itaangushwa mwaka huu.

Nilimweleza bibi jikoni, katikati ya kuta zile. Nilimwonyesha picha kwenye kioo: tofali la tambarare limepauka lote, la Uru lina doa jeusi katikati. Alilitazama kwa muda mrefu. Akaniuliza kama doa lile ni maji. Nikasema ndiyo, bibi, ni maji. Akasema, "Kwa hiyo hakutudanganya." Sikujua kama lilikuwa swali.

Alitoka nje bila kuvaa viatu. Nilimfuata mpaka kwenye mpaka wa kihamba, pale pale palipokuwa na mvutano, ambapo masale yamepandwa mstari tangu enzi za baba mkwe wake. Kwetu Uchagani masale huonyesha mwisho wa ardhi ya mtu, na jani lake ndilo linalopelekwa kwa uliyemkosea unapoomba msamaha. Alikata jani moja, akalifuta vumbi kwa kanga, akanikabidhi.

"Mtoto wake mkubwa yupo," alisema. "Peleka. Umwambie nakuja nyuma yako, miguu tu ndiyo mizito."